Vitamini A imejaa, wa kuipinda hayupo

Swali: Daktari, shikamoo. Mtoto wa mdogo wangu ana miaka sita. Tangu mchanga hakuwa akitutazama usoni, alikuwa akikodolea taa tu, na macho yake yanachezacheza. Mchana juani anakimbia na wenzake, jua likizama anapapasa ukuta. Mwaka huu amepimwa jeni, na karatasi imeandikwa RPE65, maradhi ya Leber. Miaka yote tunamlisha karoti na maini, na kuna mtu katuletea matone ya vitamini A yenye nguvu. Chupa mbili zimekwisha, moja imebaki. Mbona hatuoni mabadiliko? Wanangu nao wako hatarini? Na hiyo sindano ya jicho tunayoisikia ni tiba kweli au ni biashara? Ni mimi, Mama Mkubwa.

Jibu: Marahaba, Mama Mkubwa. Nianze na lisilongoja: matone hayo yasimamisheni leo. Karoti na maini aendelee kula kama watoto wengine, hicho ni chakula. Lakini vitamini A ya chupa, kwa dozi ya nguvu na bila daktari anayeifuatilia, haimsaidii mtoto huyu na inaweza kumdhuru. Ikizidi, mwili hauitoi kwa mkojo kama unavyofanya kwa vitamini C. Huirundika kwenye ini, na baadaye huja maumivu ya kichwa, kutapika, shinikizo ndani ya fuvu, maumivu ya mifupa. Kwa kuwa ameshamaliza chupa mbili, mwambieni daktari wake bila kuficha, na mpeleke chupa yenyewe asome kipimo kilichoandikwa. Kama mtoto analalamika kichwa au anatapika, msingoje tarehe ya kliniki.

Wala wazo lenu halikuwa la kijinga. Upofu wa usiku unaojulikana zaidi duniani unatokana na upungufu wa vitamini A, na mtoto wa aina hiyo akipewa kapsuli huanza kuona jioni ndani ya siku chache. Dalili ya mtoto wenu inafanana na hiyo kwa sababu ni kazi ileile ya jicho iliyokwama. Tofauti ni mahali ilipokwamia, na hapo ndipo penye jibu la maswali yako karibu yote.

Fikiria ule mtego wa kijiti cha kupinda. Kijiti kinapindwa kwa nguvu na kushikizwa. Kikiguswa kidogo tu, kinafyatuka na kunyooka. Nyuma ya jicho, kwenye retina, kuna seli zipatazo milioni 120 za umbo la vijiti, zinazoona kwenye giza, na milioni sita hivi za umbo la koni, zinazoona rangi na vitu vidogo mchana. Kila seli imejaa mitego ya namna hiyo kwa mamilioni. Kishikizo ni protini inayoitwa opsini. Kijiti kilichopindwa ni molekuli ya retinali, ambayo mwili huitengeneza kutokana na vitamini A. Imepinda mahali maalumu, kwenye kaboni ya 11, na ikikaa ndani ya opsini ya seli za vijiti, mtego mzima huitwa rodopsini.

Chembe moja ya mwanga ikiigonga, retinali hunyooka kwa muda usiofika sehemu moja ya trilioni ya sekunde. Opsini hubadilika umbo, na kutoka hapo ishara hupokezanwa mpaka ubongoni. Katika kuona kote, kazi ya mwanga ni hiyo tu, kunyoosha kilichopinda. Mengine yote hufanywa na mwili.

Ila mtego uliofyatuka haunasi kitu mpaka utegwe upya, na seli ya kijiti haina fundi wa kupinda. Retinali iliyonyooka hugeuzwa kuwa retinoli, ambayo ndiyo vitamini A yenyewe, ikasafirishwa nje ya seli hadi kwenye tabaka la seli nyeusi lililogusana na retina kwa nyuma. Huko kimeng'enya kimoja (protini inayoendesha kazi ya kemikali mwilini), LRAT, huiunganisha na asidi ya mafuta, ikawa esta. Kisha RPE65, kimeng'enya ambacho mtoto wenu anakikosa kwa kasoro ya jeni yenye jina hilohilo, huishika ile esta, huikata, na kwa nguvu inayopatikana katika kukata huko, huipinda pale pale kwenye kaboni ya 11. Kimeng'enya kingine huimalizia kuwa retinali, nayo hurudi mbele kwenye opsini iliyokuwa ikingoja.

Kwamba kazi hii hufanyika kwenye tabaka la nyuma ni jambo la zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1876 Franz Boll aliona kuwa retina ya chura aliyekaa gizani ina rangi nyekundu, na kwamba rangi hiyo hupauka ikipigwa na mwanga. Wilhelm Kühne akaonyesha muda mfupi baadaye kuwa retina iliyobanduliwa kutoka kwenye tabaka jeusi hubaki imepauka, lakini ikirudishwa juu yake, wekundu hurudi. Mwaka 1933 George Wald akaikuta vitamini A ndani ya retina, na kwa kazi iliyofuatia hapo alipata sehemu ya Tuzo ya Nobel ya mwaka 1967. Fundi mwenyewe aliendelea kujificha. Protini yake ilipatikana mapema miaka ya 1990 ikapewa jina lisilosema lolote kuhusu kazi yake: RPE ni kifupi cha jina la lile tabaka kwa Kiingereza, na 65 ni uzito wa protini kwa kilodaltoni. Mwaka 1997 jeni yake ilihusishwa na upofu wa watoto. Uthibitisho kwamba yenyewe ndiyo inayopinda ulikuja mwaka 2005, kutoka kwa vikundi vitatu vya watafiti karibu kwa wakati mmoja. Yaani watoto walikuwa wakipewa jina la ugonjwa wao kwa miaka minane kabla haijathibitishwa kile walichokikosa.

Mnamshangaa mtoto mnayempa karoti asione usiku. RPE65 ina ndugu wa ukoo mmoja, kimeng'enya kinachopasua rangi ya karoti katikati kuwa vitamini A. Ndugu huyo kwa mtoto wenu ni mzima. Karoti inapasuliwa vizuri, vitamini inaingia kwenye damu, inafika jichoni, inaunganishwa kuwa esta, kisha inamkosa ndugu wa pili. Panya walioondolewa jeni hii mwaka 1998 walionyesha hali hiyo wazi kabisa: esta zimerundikana kwenye lile tabaka kupita kawaida, na retinali iliyopinda hakuna. Kila tone mliloongeza lilikuwa fito nyingine zilizonyooka kwenye rundo ambalo tayari halina mtu wa kulipinda.

Iko na hatari nyingine ya kudhani kwamba kila tatizo la retina hutibiwa kwa vitamini A. Kwenye ugonjwa wa Stargardt, ambao kasoro yake iko hatua nyingine ya mzunguko huuhuu, nyongeza ya vitamini A hukatazwa, kwa sababu mabaki yake huwa sumu kwa seli. Na baadhi ya watu wanaotumia isotretinoini, dawa ya chunusi sugu iliyo jamaa ya karibu ya vitamini A, hupata shida ya kuona gizani kwa kuwa inauingilia mzunguko huu. Ukoo wa molekuli hizi hauzoeleki kirahisi.

Kwa nini basi anakimbia juani? Upungufu wa mitego iliyotegwa hupungua ubaya wake kadiri mwanga unavyoongezeka. Gizani, ambako chembe za mwanga zinakuja moja moja, mitego michache haipati kitu. Juani zinanyesha kama mvua, na hata michache iliyopo hufyatuliwa vya kutosha, hasa ile ya seli za koni. Wapo pia wenye badiliko la jeni ambalo halikukiua kimeng'enya kabisa, kikabaki na nguvu kidogo. Hii ndiyo sababu mtoto mchanga wa aina hii hukodolea taa na dirisha. Wengi hudhani ana utundu au akili yake haiko sawa, kumbe anatafuta mahali pekee ambapo dunia inaonekana.

Hata mtu mwenye macho mazima anaweza kumhisi huyu fundi. Akitoka kwenye jua kali na kuingia chumba cha giza, mwanzoni haoni kitu, na macho huchukua kama nusu saa kuzoea kikamilifu. Sehemu kubwa ya muda huo ni kungojea retinali ipindwe na kurudishwa. Mtoto wenu amekwama kwenye dakika ile ya kwanza.

Daktari akimulika jicho la mtoto kama huyu, mara nyingi retina inaonekana karibu kawaida, na hapo wazazi huambiwa hakuna tatizo. Kipimo cha umeme wa retina ndicho kinachofichua, kwa sababu mwitikio wa seli za vijiti haupatikani. Ipo na ishara nyingine ninayoipenda kwa urahisi wake. Retina ya kawaida ikimulikwa kwa mwanga wa buluu hung'aa kidogo yenyewe, kutokana na mabaki ya mzunguko yaliyojikusanya kwenye tabaka jeusi. Kwa mwenye kasoro ya RPE65 mng'ao huo ni hafifu mno au haupo. Kiwanda kisichofanya kazi hakiachi takataka.

Retina hiyo ya utotoni inayoonekana nzima ndiyo inayotupa tumaini, kwani seli zake nyingi zimelala na hazijafa. Lakini haziwezi kulala milele. Opsini isiyo na retinali haitulii, huendelea kutoa ishara hafifu bila mwanga, na miaka ikipita seli huanza kufa, mpaka utu uzimani hata kile kilichokuwa kikionekana mchana kinapungua. Muda, Mama Mkubwa, ni sehemu ya ugonjwa huu.

Kabla sijafika kwenye sindano, neno kuhusu jina. Theodor Leber, daktari wa Ujerumani, aliuelezea upofu huu wa kuzaliwa mwaka 1869. Leo tunajua jeni zaidi ya 25 zinazoweza kuuleta, na RPE65 ni sehemu ndogo tu ya wagonjwa wote. Yupo Leber mwingine mtakayemkuta mkitafuta mtandaoni: ugonjwa wa neva ya jicho unaorithiwa upande wa mama na kuwapata zaidi vijana wa kiume. Ni daktari yuleyule aliyepewa jina, ni ugonjwa mwingine kabisa. Nimeona familia ikijinyima usingizi kwa kusoma kurasa zisizowahusu.

Kuhusu wanao. Jeni ya RPE65 iko kwenye kromosomu namba 1, na kila mtu ana nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Nakala moja nzima inatosha kabisa kuendesha kazi. Mdogo wako na mumewe kwa hali ya kawaida kila mmoja ana nakala moja mbovu na moja nzima, nao wanaona vizuri. Mtoto akapata mbovu zote mbili. Katika kila mimba yao, nafasi ya kupata mtoto mgonjwa ni moja kati ya nne, haijalishi waliotangulia walikuwaje. Wewe, kwa kuwa mdogo wako ni mbebaji, una nafasi ya nusu kwa nusu ya kuwa mbebaji pia. Lakini wanao hawawezi kuugua kwa njia hii mpaka baba yao naye awe mbebaji, jambo ambalo ni nadra kama hana undugu na familia yenu. Kama ana undugu, mkapimwe. Watoto wako wanaotembea jioni bila shida hawana ugonjwa huu, maana hauvizii mtu ukubwani, hujionyesha mapema. Zipo familia chache sana, zilizotambuliwa kwanza huko Ireland, ambamo badiliko moja la jeni hii huleta ugonjwa kwa nakala moja tu, ila hilo si la karatasi yenu kama wazazi wote wawili wanaona vizuri.

Na kama kuna anayemnong'ona mdogo wako kuhusu alichokula au alichofanya akiwa mjamzito, mwonyeshe aya iliyotangulia.

Sindano ni ya kweli. Inaitwa Luxturna, iliidhinishwa Marekani mwezi Desemba 2017 na Ulaya mwaka uliofuata, ikiwa tiba ya kwanza ya jeni kuidhinishwa Marekani kwa ugonjwa wa kurithi. Wa kwanza kunufaika na wazo lenyewe walikuwa mbwa. Mbwa wa aina ya Briard walikutwa Sweden na upofu wa usiku wa kuzaliwa, ikaonekana wamepungukiwa herufi nne tu za jeni ya RPE65. Mwaka 2001 watafiti waliripoti kuwa wamewapelekea jeni nzima machoni, na mbwa waliokuwa wakijigonga wakaanza kukwepa vitu. Majaribio ya kwanza kwa binadamu yalitangazwa mwaka 2008, kutoka London na Marekani.

Kinachofanyika ni hiki. Virusi vidogo visivyoleta ugonjwa hutolewa jeni zake na kubebeshwa nakala nzima ya RPE65. Bahati ni kwamba jeni hii ni fupi: maelekezo yake ni kama herufi 1,600, na mzigo wa virusi hivyo ni kama herufi 4,700. Ile ya Stargardt ina karibu 6,800, haiingii, na ndiyo maana wenzenu hao bado wanangoja. Daktari bingwa wa retina humtoa mtoto fahamu kwa dawa, huondoa ute uliojaa ndani ya jicho, kisha kwa sindano nyembamba mno huingiza mililita 0.3 chini ya retina. Jicho la pili hufanyiwa siku nyingine, angalau siku sita baadaye, na mgonjwa hupewa dawa za kutuliza kinga ya mwili. Kwa hiyo neno "sindano" linaipunguza. Ni upasuaji, na una hatari za upasuaji: mtoto wa jicho, shinikizo kupanda, tundu au kubanduka kwa retina, maambukizi.

Matokeo yalipimwa kwa njia ninayoiona ya busara. Badala ya kusoma herufi ukutani, wagonjwa walitakiwa kupita kwenye njia yenye vizuizi, mwanga ukipunguzwa hatua kwa hatua mpaka luksi 1, hafifu kama taa ndogo ya chumbani usiku. Baada ya mwaka, 13 kati ya 20 waliotibiwa waliweza kuipita kwenye mwanga huo wa chini kabisa. Kati ya tisa wa kulinganishwa, ambao walikuwa hawajatibiwa bado, hakuna aliyeweza. Uwezo wa kusoma herufi ndogo, kwa upande mwingine, haukubadilika kwa kiwango cha kujivunia. Tiba hii inampa mtu jioni. Haimpi macho mapya.

Wala haifuti saa iliyokwisha kuanza kuhesabu. Kwenye baadhi ya majaribio ya mwanzo, uwezo ulipanda kwa miaka michache kisha ukapungua, na retina iliendelea kukonda hata baada ya kutibiwa. Baadhi ya waliopewa dawa yenyewe wameonekana na mabaka ya seli zilizokufa kwenye retina. Mimi bado ningemwelekeza mtoto wa miaka sita kwenye tiba hii kama njia ingepatikana, tena mapema, lakini ningewaambia wazazi hayo yote kabla ya kusaini. Wanaowaahidi "kuona asilimia mia" ndio biashara uliyoiogopa. Vilevile wanaouza seli shina, matone ya mitishamba au miale: hakuna kati yao anayeileta RPE65.

Dawa ni miongoni mwa ghali kuliko zote zilizowahi kuuzwa, na hutolewa kwenye vituo vichache vilivyoidhinishwa. Kabla ya kuanza kutafuta fedha, hakikisheni mambo mawili. La kwanza ni karatasi ya jeni: lazima ionyeshe mabadiliko mawili yanayoleta ugonjwa, moja kwenye kila nakala, na njia ya kulithibitisha ni kuwapima baba na mama. Maabara nyingi huandika badiliko ambalo maana yake bado haijaeleweka, hilo halitoshi. La pili ni picha ya matabaka ya retina, ili kujua kama zimebaki seli hai za kutibiwa. Kipimo kilichotumika kwenye majaribio ni unene wa zaidi ya mikroni 100 katikati ya retina. Akikosa hilo, jeni mpya haitakuwa na wa kumfanyia kazi.

Kuna njia nyingine iliyojaribiwa: dawa ya kumeza ambayo mwilini hugeuka kuwa retinali iliyokwisha kupindwa, kwenye kaboni ya 9 badala ya 11, ambayo opsini huikubali. Inamruka RPE65 kabisa. Majaribio madogo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha baadhi ya wagonjwa wakiona vizuri zaidi, lakini si dawa iliyoidhinishwa, kwa hiyo msiitafute kwa wauzaji.

Hata kabla ya lolote kati ya hayo, mpeni mwanga. Taa kali juu ya meza yake, kiti cha mbele darasani karibu na dirisha, maandishi makubwa meusi, tochi yake mwenyewe jioni, na ajifunze fimbo nyeupe mapema bila kuonewa aibu. Mwalimu aambiwe kwamba mtoto wa asubuhi na mtoto wa jioni ni yuleyule, hajifanyi.

Chupa iliyobaki msimpe mtoto mwingine, wala msimpe mjamzito yeyote nyumbani, kwani dozi kubwa ya vitamini A huweza kumlemaza mtoto tumboni. Kapsuli zinazotolewa na wahudumu wa afya kwa watoto wadogo kila baada ya miezi kadhaa ni jambo lingine, zina kipimo chake. Hiyo chupa, daktari akishaisoma, muachieni mfamasia aiharibu.